Bwana Msengi wa Kwenye Barua

Mimi ni mwandishi, lakini usinitafute kwenye vitabu. Naandika milango. Ukipita Singida mjini ukaona saluni, duka la pembejeo, ofisi ya wakili au baa yenye herufi zilizonyooka na rangi isiyochuruzika, kuna uwezekano mkubwa huo ni mkono wangu. Naitwa Loyce. Mwaka wa ishirini na mbili huu napanda ngazi na brashi mdomoni, na bado wapo wateja wanaosimama chini yangu na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Huwa nawajibu kwamba amekwenda kunywa chai. Nikimaliza wananilipa, na wengine wananiambia nimsalimie.

Kiingereza nakijua kwa umbo zaidi kuliko kwa maana. Zamani niliandika CHAIRMAN mpaka nikaweza kuliandika nimefumba macho. Wakaja waliotaka CHAIRLADY, wakaja wa CHAIRPERSON, na siku hizi vijana wa ofisi mpya kule Nduguti wananiletea CHAIR tupu. Nilimwuliza mmoja, "Yaani niandike kiti?" Akacheka, akaniambia dunia imebadilika, mama. HEADMASTER na HEADMISTRESS nimeshazifuta zote kwa msasa, nikaandika neno moja la kuwatosha wote. Sikuwa na ugomvi na jambo hilo. Mteja akitaka neno, namwandikia, mradi alete rangi.

Ugomvi ulianzia nyumbani kwetu, Kinampanda, na ili uuelewe lazima kwanza nikueleze habari za Bwana Msengi.

Mama yangu ni Marietha Msengi. Ana miaka sabini na minane na macho yake yameanza kuingia ukungu. Ndiye aliyeanzisha kikundi cha wafuga nyuki cha kwetu, enzi ambazo mwanamke akipanda mti kutundika mzinga alisemwa kuanzia kisimani mpaka kanisani. Yeye alipanda. Aliongoza kikundi kwa miaka kumi na moja, na ndani ya miaka hiyo asali yetu ikavuka bahari, ikaliwa na watu ambao hatujawahi kuwaona.

Barua za wanunuzi aliziandika Mwalimu Urbano, katibu wa wakati huo, sasa ni marehemu. Mama alisema kwa Kiswahili, Urbano akaweka kwa Kiingereza. Kiswahili chetu hakina makuu. Mwenyekiti ni mwenyekiti, na yeye ni yeye, awe amevaa gauni au suruali. Kiingereza cha Urbano, alichofundishwa kwa fimbo, kilikuwa na utaratibu wake: mwenyekiti ni "chairman", na "chairman" ni "he". Akaandika hivyo bila kusita. Jibu likaja na jina la "Mr. Msengi".

Urbano alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Loyce," akasema, "hongera, umeota ndevu!" Alitaka kusahihisha kwenye barua itakayofuata, mama akamzuia. Ndoo ishirini za kwanza zilikuwa zimeshaondoka na hakutaka kitu cha kuwatia shaka. "Waache watuzoee kwanza," alisema, "tutawaambia." Lakini jambo la namna hiyo lina siku yake, na ukiipitisha siku hiyo, kila barua inayokuja inaongeza uzito. Baadaye wakaomba picha. Mpiga picha wa Kiomboi akawapanga watu kama alivyozoea: wanaume mbele kwenye viti, katikati baba mdogo Paschal, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na koti, na wanawake nyuma wamesimama. Mama yumo kwenye picha ile. Ukitafuta vizuri utaona kilemba chake na sikio moja.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bwana Msengi.

Mama alikuwa akimwota mchana. Akirudi porini, akila, akijilaza kwenye mkeka kivulini, mtu yule anakuja. Anashuka na barabara ya Kiomboi ile saa ambayo jua linafanya barabara ionekane ina maji, na anatembea juu ya maji yale bila kulowa. Viatu vyake havina vumbi. Anakaa karibu na mizinga, nyuki hawamsogelei wala hawamkimbii. Anafungua barua, anasoma polepole, anatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Namwita," mama alikuwa akinisimulia huku akijikuna mguu, "namwita kwa jina langu, na anaitika."

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu mwenye mwili. Wakati mwingine nikikaa jikoni peke yangu mchana, moshi umetulia, nje kumenyamaza, nilikuwa na hakika yuko sebuleni anangoja chai. Nilikuwa sipeleki.

Sasa, mwaka jana mwezi wa sita, Naftali akanipigia simu. Naftali ndiye katibu wa sasa, mwanamume wa miaka thelathini na mitano, msafi, kalamu tatu mfukoni. "Dada Loyce, tuna kazi yako." Kikundi kimejenga nyumba ya kuchujia asali, inafunguliwa Jumamosi, na mnunuzi mwenyewe anakuja kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Ukutani patakaa ubao wenye majina ya wenyeviti wote wanne, kwa Kiingereza. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. "Jina la mama linakuwa la kwanza!" Naftali akakohoa. "Tutaongea ukifika," akasema.

Mtu akikohoa kwenye simu, ujue kuna jambo. Alhamisi nilifika Kinampanda na makopo yangu, na Naftali akanipa karatasi yenye majina manne. La kwanza lilikuwa "Mr. M. Msengi, Chairman".

"Nini hiki?" nikamwuliza.

Akaanza kunieleza taratibu, kwa sauti ya daktari. Anayekuja ni mama mmoja anayeitwa Karin, aliyekuwa akizijibu barua zetu tangu mwanzo. Anastaafu mwaka huu, na kabla ya kustaafu ameomba aje mwenyewe kumkabidhi Bwana Msengi cheti cha heshima. Siku hiyo hiyo unasainiwa mkataba mpya wa miaka mitano. "Tukimwambia kuwa miaka yote tulimwandikia habari za mwanamume ambaye hayupo, atatuonaje? Atatuona matapeli, dada. Na picha anayo."

"Kwa hiyo?"

"Baba Paschal atapokea cheti."

Hapo nikawaka. Mimi si mkali, ila watu hawanipi nafasi ya kuwa mpole. "Naftali, wewe ada yako ya sekondari ilitoka kwenye mizinga ya mama yangu, leo unamfuta kwa karatasi?" Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Kaya arobaini, dada Loyce," alisema. "Mkataba ukienda, nitaziambia nini kaya arobaini?"

Nilimkuta mama uani anapepeta uwele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimeshaambiwa. Nimekubali."

"Umekubali shingo upande."

"Shingo yangu imezeeka, mwanangu, haigeuki upande wowote." Akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka, yakamulikwa na jua, yakatua kwenye nywele zake. Kisha akaweka ungo chini. "Nikwambie ukweli? Nilikuwa natamani kitu kimoja tu. Mtu mmoja, katika wote waliokula asali yangu huko, anishike mkono akijua ni mimi. Mmoja tu. Lakini uongo niliuanza mimi na Urbano. Siwezi kuwalipisha watu kosa langu kwa sababu ya kushikwa mkono."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikapika.

Ijumaa akaja Twinkle. Huyu ni binti wa Prashant mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini Singida. Hata bibi yake alizaliwa Singida, na Twinkle mwenyewe amesoma mpaka chuo. Naftali alikuwa amemkodi awe mkalimani. Alikaa mlangoni pa nyumba mpya na kompyuta mapajani, akitafsiri historia ya kikundi, nami nilikuwa ndani naunyoosha ubao kwa uzi na chaki.

"Anti Loyce," akaniita, "huyu mwenyekiti wa kwanza ni 'he' au 'she'? Maana nimesoma kurasa tatu za Kiswahili, hazijaniambia."

"Mwulize katibu," nikasema.

Naftali alikuwa hapo hapo, na jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na upepo. Twinkle, masikini, hakujua chochote. Akadhani ni swali gumu tu, akataka kusaidia. "Kama hampendi kutaja, siku hizi Kiingereza kinaruhusu 'they'. Hata kwa mtu mmoja."

"'They' si wengi?" nikauliza. Hilo angalau nilikuwa nalijua.

"Wengi, ndiyo. Lakini hata mmoja. Kuna watu hawapendi kuitwa 'he' wala 'she', na ni haki yao. Na kuna wakati hujui tu unayemwandika ni nani, kwa hiyo humfungii mtu nje. Na badala ya 'chairman' unaweka 'chairperson'. Ni neno zuri, anti."

"Na kama unamjua?"

Alinitazama. Ni msichana mwenye macho ya upole. "Ukimjua, na mwenyewe hajakataa," alisema, "unaandika unachokijua."

Lakini Naftali alikuwa ameshalidaka. Alitembea chumba kizima akisugua mikono. "Chairperson M. Msengi! They! Umeona, dada? Hatujamdanganya mtu. Hatujasema mwanamume, hatujasema mwanamke."

"Kwa hiyo mama yangu amekuwa umati," nikasema.

"Ah, dada Loyce, usikuze mambo."

Nikaandika kwa chaki kama alivyotaka, maana ukutani anaamuru mteja. Nilipomaliza jua lilikuwa katikati, bati linalia juu, harufu ya tina ya kuchanganyia rangi imejaa chumbani. Nikajinyoosha kwenye benchi, nikasema nitafumba macho kidogo. Nikaota milango yote niliyowahi kuiandika imesimama shambani, katikati ya alizeti, bila kuta. Hapa CHAIRMAN, pale CHAIRLADY, kule CHAIRPERSON, mbali kabisa CHAIR. Watu wa Kinampanda walikuwa wakija kwa mafungu, kila mmoja anasoma, anafungua, anapita, anafunga. Upande wa pili wa mlango palikuwa na alizeti zile zile. Mama akaja na ndoo yake kichwani. Alisimama mbele ya mlango wa kwanza, akagonga, akangoja. Alisimama mbele ya wa pili. Nilitaka kumwambia kuwa hakuna kuta, apite pembeni tu, lakini nilikuwa nimebana brashi mdomoni na sikuweza kuitoa.

Niliamshwa na fimbo yake ikigonga sakafu. Kwetu mafundi wa mabango, mwenye jina lazima apitishe chaki kabla rangi haijapigwa, ili asije kulalamika baadaye. Naftali alikuwa amemwita kwa heshima tu, nadhani dhamiri ilimsumbua. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia ubao, akapitisha kidole chini ya mstari wa kwanza bila kuugusa.

"Imeandikwaje?"

Nikamsomea.

"Chairperson ni nani?"

"Ni mwenyekiti, bila kusema ni mwanamume au mwanamke. Twinkle anasema ni neno zuri, limetengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa wameachwa nje."

Mama akawaza. "Basi ni zuri kweli," alisema. "Mbarikiwe mlioliandika. Lakini mimi, Loyce, kwa lile la zamani nilikuwa nje nikijulikana niko nje. Kwa hili mmeniingiza ndani mkazima taa." Akamgeukia Naftali. "Ipigwe rangi, baba. Mimi nimepitisha." Akashika fimbo yake akatoka.

Nilipiga rangi mistari mitatu ya chini. Wa kwanza niliufuta kwa kitambaa kibichi mpaka ubao ukabaki mweupe. Sikumwambia mtu. Nikatundika pazia mbele yake, nikaenda kuoga.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwanga mlaini, mawingu membamba, upepo unatembea polepole kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kila kitu kilionekana karibu. Wanachama wote walikaa ndani ya nyumba mpya, wanaume mbele, wanawake nyuma, kwa mazoea. Mama alikuwa benchi la nyuma kabisa, karibu na dirisha, amevaa kitenge chake kizuri, nami pembeni yake. Baba mdogo Paschal alikuwa mbele kwenye koti. Halikuwa lile la zamani, lakini alikuwa amelivaa kama analia ndani yake. Usimwone vibaya baba mdogo. Tangu asubuhi hakuwa amekula.

Karin alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, pua imeungua na jua, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Alisalimia watu kwa kunusa hewa kwanza. Alifumba macho, akavuta harufu ya nta, akasema kitu, na Twinkle akatafsiri: "Anasema ofisi yake ilinuka hivi kwa miaka ishirini na minane, na leo ameona inakotoka."

Naftali akavuta pazia. Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakapungua, kwa sababu mstari wa kwanza ulikuwa mtupu. Naftali alinitafuta kwa macho, na kama macho yangekuwa na rungu ningekuwa marehemu. "Rangi haijakauka," akasema, na Twinkle akatafsiri hivyo hivyo huku masikio yamemwiva.

Karin hakujali. Akafungua cheti akaanza kusoma. Nilikwambia nakijua Kiingereza kwa umbo, lakini lile neno dogo nalijua hata kwa sauti. "He". Nilihesabu. "He" alianzisha, "he" aliongoza, "he" alitunza nyuki. Mara tisa. Na kila mara Twinkle akatafsiri "yeye", na hapo likatokea jambo ambalo Naftali hakulipigia hesabu: watu wote mle ndani walikuwa wakitabasamu wakiangalia dirishani, alikokaa mama. Kwa Kiswahili hakukuwa na uongo wowote. Yeye aliyeanzisha walikuwa wanamjua. Walimpigia makofi yeye. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

Akaitwa Bwana Msengi. Baba mdogo Paschal akasimama, akaenda mbele, na Karin akampa cheti, akamshika mkono kwa furaha kubwa, akautikisa kwa muda mrefu. Naona hata sasa mkono ule wa baba mdogo ulivyokuwa umelegea. Halafu Karin akamwuliza swali, na Twinkle akalitafsiri kwa sauti.

"Anasema kuna jambo amelibeba miaka yote. Mwaka ule wa ukame kikundi kilimwandikia kuwa hakina asali. Ofisini walikasirika, walitaka kuachana na ninyi. Yeye akawaomba wangoje. Mwaka uliofuata vikundi vingine vyote havikuwa na nyuki, ninyi peke yenu mlikuwa nao. Anauliza, Bwana Msengi, ulifanya nini mwaka ule?"

Paschal akafungua mdomo. Kisha akageuka kumtazama mama.

Hakufanya makusudi. Ni mazoea tu. Kwenye kikundi kile tangu mwanzo, swali likiulizwa, la mvua, la ugomvi, la mzinga ulioibiwa, mtu hajibu kabla hajamtazama Mama Loyce. Hata baada ya kuachia uongozi, hata wenyeviti waliomfuata, walikuwa wanageuka kwanza. Hawajijui. Ukiwauliza watakataa. Sasa Paschal alipogeuka, na wa mbele wakageuka, na benchi la pili, na la tatu, na wanawake wote, mpaka watu arobaini wakawa wamempa mgeni visogo, wanamwangalia mwanamke mmoja dirishani. Naftali mwenyewe alikuwa amegeuka, kalamu tatu mfukoni.

Mama hakuinua uso. Nilimsikia anapumua. Nilijua anazihesabu zile kaya, moja moja, na nikajua hatasema kitu. Nilitaka nisimame mimi.

Baba mdogo Paschal akashusha mkono uliokuwa na cheti. "Shemeji," alisema, na sauti yake ilikatika katikati, "mimi hili silijui. Sema wewe."

Nje, nyuki mmoja alikuwa anajigonga kwenye kioo cha dirisha jipya, hakijui bado. Mama akaweka fimbo sawa, akasimama.

"Mwaka ule maua hayakuwepo," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, macho yakielekea pale sauti ya mgeni ilipokuwa. "Asali ilikuwepo, kidogo, ya kuwatosha nyuki wenyewe. Nikawaambia watu tusirine. Walinichukia. Walikuwa na njaa, na haki walikuwa nayo. Nilikaa msituni na fimbo hii wiki sita ili mtu asiguse mzinga. Halafu nikakuandikia kuwa hatuna asali. Tulikuwa nayo, ila haikuwa yetu. Nisamehe kwa uongo huo. Na upo mwingine."

Twinkle alitafsiri yote, sentensi kwa sentensi, kwa "I", kama mkalimani anavyotakiwa. Kisha Karin akauliza swali fupi, nami nikalielewa bila msaada. "Who is she?"

Twinkle alimtazama Naftali, akanitazama mimi. Angeweza kusema ni mwanachama. Angeweza kusema ni mmoja wa wazee wetu. Akajibu taratibu, kwa maneno mepesi hata mimi nikayashika yote: "She is the chairman. She is Msengi. She always was."

Mkataba ulikuja kusainiwa baadaye, siku hiyo hiyo, lakini wakati ule hakuna aliyejua, na Naftali alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa. Karin alikitazama cheti kilichokuwa mkononi mwa Paschal. Akampigia hesabu yule mtu wa miaka yote, nadhani, barua moja baada ya nyingine. Uso wake ukaiva, na kwa kitambo kirefu nilidhani ni hasira. Kisha akakichukua kile cheti kutoka kwa baba mdogo, taratibu, akapita katikati ya mabenchi, kamba ya kiatu ikiburuta, watu wakivuta miguu kumpisha, mpaka akafika dirishani.

Akaushika mkono wa mama. Hakuutikisa kama ule mwingine. Aliushika tu, kwa nguvu, akauweka kifuani pake. Kwa mkono wa pili akainua cheti karibu na uso, akageukia watu, akaanza kukisoma upya tangu mwanzo, sauti ikitetemeka. Twinkle hakutafsiri. Alikuwa amejifunika uso kwa karatasi zake, mabega yanacheza.

Mama akaniinamia. "Anasoma nini?"

"Kile cheti."

"Si alishakisoma?"

"Ameanza upya. Amebadilisha neno."

"Neno gani?"

Nikatafuta namna ya kumwambia. Maisha yangu yote nimeandika maneno ya watu, na sikuwa na hata moja la kumpa mama yangu, kwa sababu kwa lugha yetu cheti kile kilikuwa kile kile. "Anasema yeye ndiye aliyeanzisha," nikamnong'oneza. "Yeye ndiye aliyeongoza. Yeye ndiye aliyetunza nyuki."

"Yeye nani?"

"Wewe, mama."

Vidole vyake vya mkono wa pili vikanibana kiganja mpaka nikaumia.

"Sema tena," akasema.

"Wewe."